Benki ikinunuliwa, riba isipande kimyakimya

Benki za ukanda huu zinanunuana. Mwaka 2022 KCB ya Kenya ilinunua hisa nyingi za TMB ya Kongo; mwaka 2023 Equity ikaichukua Cogebanque ya Rwanda. Mfanyabiashara wa Lubumbashi au Kigali hujikuta anadaiwa na wenye benki wapya bila yeye kuhama.

Kubadilika kwa wenye benki hakufuti mkataba. Mkopo huhama na masharti yake, na riba haipandi kwa sababu tu bango la mlangoni ni jipya. Hatari imo katika kifungu kinachoruhusu benki kubadili riba kwa kutoa taarifa, hasa kwenye kadi za mkopo. Taarifa yenyewe huweza kuingia kwenye simu mteja akiwa forodhani anahangaikia mzigo.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2009 inadai taarifa ya siku 45, na kwa kawaida riba mpya haigusi deni la zamani. Benki kuu za Afrika Mashariki zinapaswa kukubaliana juu ya kinga kama hiyo. Hadi hapo, mfanyabiashara atunze mkataba wake na adai salio na riba kwa maandishi kabla akaunti haijahamishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Deni bila mkataba hukua bila habari.