Waje Wayajaribu Nyamache
Wauzaji wa magari mapya hupenda kutualika tuyajaribu kwenye lami ya Nairobi, gari likiwa tupu na kiyoyozi kikivuma. Mimi naomba walete magari yao Nyamache, huku Bobasi, Kisii, mvua ya alasiri ikishanyesha. Wapakie watu na magunia ya majani chai, wasimame katikati ya mlima, kisha wang'oe gari bila kurudi nyuma. Hapo ndipo klachi na breki hujulikana. Gari aina ya Probox halikupendwa Kisii kwa sura; lilipendwa kwa kubeba mizigo na kwa vipuri kupatikana. Wengi hununua magari yaliyotumika Japani, yasiyozidi miaka 8, na wanaoyaagiza hulipa kabla hawajayaona. Mkulima anayetoa bonasi yake ya chai kununua gari anastahili kushika usukani kwanza, tena kwenye tope lake mwenyewe.