Inchi Mbili za Nani?

Kila semina ya ufugaji wa samaki huanza na sato na kuishia kwenye faida. Katikati tunaelezwa habari za vifaranga, chakula, rangi ya maji, na tabia ya kambale ya kuwameza wenzake wadogo. Hesabu zinapigwa ubaoni mpaka mstaafu aliyekaa nyuma anaanza kuona kiinua mgongo chake kikiogelea. Hakuna mtoa mada anayesimama akasema: ndugu zangu, kabla ya samaki kuna bomba. Hilo tunaenda kulijua wenyewe Kariakoo, jua la saa nane likituchoma utosini, mkononi tuna orodha ambayo fundi ameiandika kwenye kipande cha boksi.

Tunaolalamika hapa ni wengi. Tuko Goba, Kinyerezi, Chanika, Kigamboni, na kote ambako nyumba za Dar es Salaam bado zina kipande cha uwanja nyuma. Mabwawa yetu hayana mfadhili wala bango la mradi. Ni shimo la mita sita kwa nne, kina mita moja, limejengewa matofali au limetandikwa turubai, linakula lita 24,000 za maji pamoja na akiba ya nyumba nzima. Vifaranga tumewapata. Chakula kikipanda bei tunachanganya pumba na dagaa, siku zinakwenda. Kinachotutoa jasho ni mabomba.

Tuanze na hii inchi. Ukiingia dukani ukasema unataka bomba la inchi mbili, utapewa bomba la inchi mbili. Ukienda duka la pili kutafuta elbo yake, utapewa elbo ya inchi mbili. Ukifika nyumbani, vitu viwili vya inchi mbili vinakataana. Sababu ni kwamba sokoni kuna koo mbili za mabomba. Ukoo mmoja unafuata inchi za Kiingereza, na inchi mbili yake ina upana wa milimita kama 60 kwa nje. Ukoo mwingine unafuata milimita, na ile inayoitwa inchi mbili ni milimita 63. Kwenye inchi nne ni hivyo hivyo: moja ina milimita 114, nyingine 110. Dukani zote zinalala kwenye rafu moja, zinaitwa jina moja, na anayeuza hana sababu ya kukwambia, kwa kuwa ukirudi kesho utanunua tena.

Ukirudi kweli na malalamiko, jibu liko tayari: "Mzee, ongeza gundi tu, itashika." Haishiki. Gundi ya PVC kazi yake ni kuyeyusha ngozi ya bomba na ngozi ya elbo ili zigandane, si kuziba mwanya. Pakiwa na mwanya wa milimita mbili au tatu, gundi inakauka peke yake pembeni kama uji uliosahauliwa jikoni, na maji yanapita katikati. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba petu ni pale kwenye kiungo. Kiungo cha bomba la kutolea kikiachia usiku, bwawa linashuka mpaka asubuhi. Kambale watavumilia matopeni kwa sababu Mungu amewapa kiungo cha kuvuta hewa ya juu. Sato hawana. Alfajiri, ambapo oksijeni ya bwawa huwa chini kuliko saa nyingine zote, wanabaki wamebanana kwenye dimbwi la kifundo cha mguu, na mwenye nyumba anaamshwa na majirani wanaouliza kama anauza.

Halafu kuna haya mabomba ya kijani ya PPR yanayounganishwa kwa mashine ya moto wa nyuzi 260. Bomba zuri, hatukatai. Lakini linaloitwa la inchi moja lina milimita 32 kwa nje, na lile nene la maji ya moto ukuta wake ni milimita 5.4 kila upande, kwa hiyo tundu linalobaki ni milimita 21 na kidogo. Inchi halisi ni milimita 25.4. Basi duka moja linaweza kutuuzia inchi moja ya nje, inchi moja ya ndani na inchi moja ya mdomoni, na zote bei yake inapangwa na yule aliyekaa kaunta.

Lalamiko la pili ni klasi. Fundi akitaka kuonekana fundi, atasema: "Bosi, kwa bwawa weka klasi D, usije ukajuta." Bosi, ambaye jana alikuwa babu tu, anavimba kichwa na kulipa. Kwa vipimo vya zamani vya Kiingereza, klasi B inabeba presha ya bar 6, klasi C bar 9, klasi D bar 12. Mabomba ya milimita yanaandikwa PN 6, PN 10, PN 16, na namba hiyo ndiyo bar zenyewe. Sasa maji yenye kina cha mita moja yanasukuma kwa nguvu gani pale chini? Sehemu moja ya kumi ya bar. Tunalipia bomba la bar 12 likashike kitu ambacho mtoto anaweza kukizuia kwa kiganja. Tofauti ya bei hairudi kwetu. Nusu inabaki dukani, nusu ni cha juu cha fundi, ambaye alishafika kabla yetu na kuelewana na muuzaji.

Bomba la kutolea maji halihitaji unene, linahitaji upana. Tundu la inchi nne lina eneo mara 16 ya tundu la inchi moja, na maji yanayopita yanazidi hata hapo, maana kwenye bomba jembamba maji yanasuguana sana na kuta. Mwenye inchi nne anamwaga bwawa lake asubuhi na kuvuna kabla ya chakula cha mchana. Mwenye inchi moja anafungulia leo, kesho bado anasubiri, na katikati ya safari tope na utelezi wa kambale vimeshaziba. Lile bomba la maji machafu, la bei ya chini, ambalo kila hadiwea linalo, lingetosha kabisa kwa kazi hiyo, mradi lifukiwe vizuri na gari lisipite juu yake. Nani alituambia? Hakuna. Kwenye kutoa tumeuziwa nguvu tusiyoihitaji.

Kwenye kuingiza, mambo yamegeuzwa. Huko ndiko presha iliko. Mchana bomba la mtaani linapumua hewa tupu, usiku wa manane maji yanakuja kwa hasira za siku nne. Anayetumia pampu ya kisima naye anasukuma kila akiwasha. Hapo panataka bomba lenye ukuta wa kweli, na hapo ndipo tunapouziwa jembamba. Wengine wetu tumeuziwa hata yale mabomba ya kupitishia nyaya za umeme, kwa maneno matamu kwamba "maji hayajui tofauti". Yanajua. Bomba linapasuka saa saba za usiku, mita inazunguka mpaka alfajiri, na mwisho wa mwezi ankara inakuja ikiwa na samaki wote ndani yake. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Wangekuwa na mabwawa wangesema zaidi.

Usafiri nao una lake. Bomba la PVC lina mita sita. Mengine yanayotoka nje yamekatwa mita 5.8 ili yaingie kwenye kontena la futi 20, ila bei haikatwi. Mita sita haziingii kwenye bajaji. Kirikuu kinataka pesa inayokaribia ya bomba lenyewe, na guta halipandi mlima wa Goba. Kwa hiyo muuzaji anachukua msumeno, anakukatia bomba katikati kwa ukarimu mkubwa, kisha anakuuzia soketi ya kuliunga. Tumelipa ili bomba zima liwe bovu: kiungo kimoja zaidi, mahali pamoja zaidi pa kuvujia.

Lile bomba jeusi la polietilini, linalokunjwa kama roli, lingetuondolea viungo vyote hivyo. Linavumilia jua kwa sababu weusi wake ni wa masizi yaliyochanganywa kiwandani, wakati PVC ikiachwa juani mwaka hadi mwaka inakuwa ngumu na kuvunjika kwa teke la mbuzi. Linaunganishwa kwa koplingi za kubana kwa mkono, bila gundi wala moto. Lakini roli lina mita 50 au 100, nasi tunahitaji 15. Ukiomba kukatiwa, unatazamwa kama uliyeomba nusu ya yai. Wanaokubali kukata wanatoza kila mita kwa bei ambayo ukiizidisha unapata roli na nusu.

Tukikata tamaa tunakwenda kwenye vyuma chakavu. Huko kuna mabomba ya chuma yaliyong'olewa kwenye nyumba zilizobomolewa, mazito, bei ya kutupa. Hapo tena hakuna anayekwambia kwamba yale yamepakwa zinki, na zinki ikiyeyuka kwenye maji machache inawadhuru samaki, wadogo hasa. Unaokoa fedha kwenye bomba, unaipoteza kwenye vifaranga.

Tusiseme kama hakuna wajuzi. Wapo mafundi wa kweli, na maarifa yao ndiyo yanayotuuma, kwa sababu ni ya bei ndogo na yamefichwa. Mmoja atakufundisha kwamba koki kubwa ya inchi nne, ile inayokula pesa ya mifuko ya saruji, haina ulazima. Unaweka elbo ndani ya bwawa kwenye mdomo wa bomba la kutolea, huipigi gundi, unaisimamishia kipande cha bomba chenye kimo cha maji unayoyataka. Maji ya mvua yakizidi, yanamwagikia humo yenyewe. Ukitaka kumwaga bwawa, unakilaza kile kipande pole pole. Kifunge kamba tu, watoto wasije wakakilaza kabla yako, na juu yake vika wavu ili sato wasisafiri.

Mwingine atakwambia kwa nini maji yanapenya pembeni ya bomba hata kama bomba lenyewe ni zima. Plastiki ni laini, saruji haiishiki. Paka gundi ya PVC kwa nje pale litakapopita kwenye ukuta, nyunyizia mchanga mkavu, acha ikauke, kisha jengea. Saruji sasa ina pa kung'ang'ania. Kazi ya dakika chache. Tumebomoa na kujenga upya kuta ambazo ujuzi huu ungeziokoa, na semina zote tulizolipia kiingilio hazikuutaja.

Risiti nayo. Ukiuliza bei unaambiwa bei. Ukiomba risiti ya mashine unaambiwa bei nyingine, yenye asilimia 18 juu, kana kwamba kodi ni wazo lako. Ukikubali bila risiti, siku elbo inapokataa huna hata karatasi ya kuonyesha kwamba ulilinunua bomba hilo duniani.

Basi madai yetu tunayaweka wazi, na hatudai bei ishuke. Nafuu tunaijua kuitafuta; tumekua tukiitafuta. Tunataka bomba liuzwe kwa vipimo vyake: upana wa nje, unene wa ukuta, presha inayobeba, na urefu. Bomba la heshima limeandikwa ubavuni jina la kiwanda, kipimo, klasi na namba ya kiwango. Lisilo na maandishi liwekwe kando na liitwe lisilo na maandishi. TBS ipo tangu 1975, Wakala wa Vipimo upo. Tunaomba macho yanayotazama mizani ya nyama yatazame na mabomba. Na watoa mada wa semina watoe nusu saa kwenye faida ya mwaka wa tatu, waipe koki.

Huku tukisubiri, tumeshaacha kwenda sokoni mikono mitupu. Tunabeba futi kamba na kipande cha bomba la nyumbani, na elbo inajaribiwa hapo hapo kaunta, muuzaji akinuna anune. Tunalibinya bomba kwa vidole: likigeuka yai kirahisi, linarudi kwenye rafu. Tunachungulia mdomo wake kuona kama ukuta una unene ule ule pande zote. Orodha ya fundi tunaisoma mstari kwa mstari, na kila penye klasi D tunamuuliza presha inatoka wapi. Mtaani kwetu kaya sita tumechanga tukanunua roli zima la bomba jeusi, tukagawana kwa futi, na bei ya mita ikawa ile ile tuliyoambiwa haiwezekani.

Na risiti tunaitaka, iwe imeandikwa milimita. Ikiandikwa "bomba, inchi mbili", tunairudisha.