Idhini ya Muda
Mwaka 2016, wadukuzi walipozikuta funguo za siri za kampuni ya Uber zimeandikwa wazi ndani ya programu zilizohifadhiwa GitHub, wakaingia kwazo katika hazina ya data iliyokuwa kwenye mitambo ya Amazon na kutwaa taarifa za watu milioni 57, ilidhihirika jinsi ufunguo usio na ukomo unavyomtumikia yeyote auokotaye. Ndiyo sababu naisifu kwa dhati idhini ya muda, ambayo huduma ya Amazon iitwayo STS humkabidhi mwombaji aliyeruhusiwa kuazima wadhifa fulani: jozi ya funguo pamoja na tokeni, kwa kawaida kwa saa 1, wala si chini ya dakika 15, na muhula ukiisha zikabatilika pasipo kungoja mtu azifute. Hata hivyo ufupi wa muda hautoshi, nami nalisema hili kwa msisitizo, iwapo mamlaka yenyewe ni mapana. Kwani katika uvamizi wa benki ya Capital One mwaka 2019 idhini iliyoibwa ilikuwa ya muda, nayo ikafichua taarifa za watu wapatao milioni 100 nchini Marekani, kwa kuwa wadhifa iliopewa seva iliyovamiwa uliruhusiwa kusoma kupita haja yake.