Uzalendo Si Makelele

Kila ifikapo tarehe 1 Julai, familia ya Bujumbura inayobaki nyumbani huambiwa haina uzalendo. Hatukubali!

Uhuru wa Burundi wa mwaka 1962 haukuletwa na muziki wa baa. Mwanamfalme Louis Rwagasore aliupigania, chama chake cha UPRONA kikashinda uchaguzi wa Septemba 1961, na tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo akauawa kwa risasi. Hakuwa amefikisha miaka 30, wala hakuuona uhuru wenyewe. Je, kijana anayerudi usiku wa manane kutoka kwenye sherehe anayajua haya?

Gwaride lina heshima yake, anayetaka aende. Lakini gwaride halijibu maswali ya mtoto. Wazee walioiona siku ile wamebaki wachache. Wakiondoka, wataondoka na habari zao.

Basi wazazi wenzetu, siku hiyo pikeni wali, tandikeni mkeka, waketisheni watoto mbele ya babu na bibi wasimuliwe. Kisha iombeeni nchi amani. Anayejua nchi yake ilikotoka ni mzalendo, hata kama hakupeperusha bendera barabarani.