Mali inatolewa Wagenia, sahihi ya pili inasubiri Marekani

Jamaa nyingi za Kisangani, binti yao anapoolewa na Mkongomani aliyepata uraia wa Marekani, huamini kazi imekwisha siku visa inapotoka. Mali imetolewa, ndoa imeandikwa kwenye komine, binti amefika Kinshasa kwa mahojiano ya ubalozi. Pale Wagenia, kando ya maporomoko, watu wanakula samaki na kucheza mpaka asubuhi.

Kazi haijaisha. Ikiwa siku anapoingia Marekani ndoa haijatimiza miaka 2, kadi ya kijani anayopewa ni ya masharti, nayo ni ya miaka 2 tu. Katika siku 90 za mwisho kabla haijaisha, mume na mke wanapaswa kupeleka pamoja fomu I-751 kwenye idara ya uhamiaji, yenye sahihi za wote wawili, pamoja na ushahidi kwamba ndoa yao ni ya kweli. Fomu isipopelekwa, haki ya kukaa inakoma, na mtu anaweza kupelekwa mbele ya hakimu wa uhamiaji ili arudishwe kwao.

Sheria hiyo ya 1986 iliwekwa ili kuzuia ndoa za karatasi. Ndoa hizo zipo, hakuna haja ya kulificha hilo. Ubaya ni kwamba sahihi ile inampa mume fimbo mkononi. Bwana mwenye hasira anaweza kumwambia mkewe: "Sitatia sahihi, nitakurudisha Wagenia." Kana kwamba Wagenia ni gereza! Mwanamke asiyejua Kiingereza, asiye na ndugu karibu, ananyamaza na kuvumilia makofi, akihesabu miezi.

Asichoambiwa ni kwamba sheria imeacha mlango. Mke aliyepigwa au kuteswa na mumewe anaweza kupeleka I-751 peke yake, bila sahihi ya mume, bila kungoja talaka, bila kungoja zile siku 90. Aliyeachika anaweza pia, na mjane vilevile. Lakini wote hao wanatakiwa kuonyesha kwamba walioana kwa nia njema.

Hapo kwenye ushahidi ndipo penye tabu. Wagenia, mambo ya nyumba yanajulikana kwa macho. Kila mtu anajua vile vikapu vya kutega samaki, vilivyofungwa kwenye miti katikati ya maji makali, ni vya jamaa gani, wala hakuna anayedai karatasi. Marekani neno la majirani pekee halitoshi. Wanatafuta mkataba wa nyumba wenye majina mawili, akaunti ya benki ya pamoja, karatasi za kodi ya serikali, bima, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Na mara nyingi jina lililoandikwa ni la bwana tu. Mke anapika, anazaa, anaenda kazini usiku, anampa mumewe pesa za nyumba mkononi, lakini kwenye karatasi hayupo.

Wajomba na baba wadogo wanaoweza kukaa siku nzima wakibishana juu ya mbuzi, basi wamuulize mkwe na hili: jina la binti yetu litaandikwa kwenye mkataba wa nyumba? Na benki? Wengine watasema ni aibu kumhoji mkwe kama polisi. Mbona kuhesabu mbuzi wake si aibu?

Na wasitegemee maelezo ya binamu aliyetoka kambi ya Nyarugusu au Nakivale. Yeye aliingia kama mkimbizi, akaomba kadi yake baada ya mwaka 1, na haikuwa na sharti la ndoa. Njia yake ni nyingine. Binti aliyeingia kwa ndoa aanze kuweka karatasi tangu wiki ya kwanza, na nakala azihifadhi kwa mtu anayemwamini, nje ya nyumba ya mumewe.