SEHEMU YA 6: Mwanasaikolojia wa shule naye apite wodini

Ndugu zangu, jana niliwaahidi mwisho wa stori ya binti wa kidato cha pili. (Mama yake ameniruhusu nisimulie, jina nimelificha.) Kwa mliojiunga leo: aliletwa kwetu mara tatu ndani ya mwezi. Tumbo, kichwa, pumzi zinambana. Malaria hakuna, UTI hakuna, mimba hakuna. Mara ya tatu nikamwomba mama atupishe kidogo. Binti alikaa kimya weee, halafu akasema: "Sista, mimi kusoma siwezi."

Amefikaje sekondari? Dada yake anamsomea usiku, yeye anakariri. Shuleni anachapwa kwa uvivu wa kuandika notsi.

Mimi naweza kumpima presha. Kupima mtoto anasomaje, anakwama wapi, kama ni macho, ni lugha au ni ubongo unavyozishika herufi, hiyo sikusomea. Mwalimu wa malezi wa shule yao naye hakusomea, na ana vipindi vyake vya hesabu. Simlaumu hata kidogo.

Hii ni kazi ya mwanasaikolojia wa shule. Na hapa ndipo ninapogombana na wasomi wetu. Vijana wa uzamili wa saikolojia ya elimu niliokutana nao wamesoma nadharia mpaka basi, wamegawa dodoso, wametetea tasnifu, wamevaa joho. Ukimuuliza umeshakaa na watoto wangapi mmoja mmoja, msimamizi wako akiwa pembeni, anacheka tu.

Sisi manesi wa shahada tunasoma miaka 4, halafu mwaka mzima wa mafunzo tarajali. Sindano yangu ya kwanza sista mkuu alinishikilia mkono! Marekani, viwango vya chama chao, NASP, vinataka saa 1,200 za mafunzo kazini, zisizopungua 600 zikiwa ndani ya shule. Kwa nini wetu waishie kwenye dodoso?

Mtasema wasimamizi hawapo. Kweli ni wachache. Basi tuanze na hao hao: mmoja mzoefu, wanafunzi wanne, shule mbili za kata, mwaka mzima. Na wajifunze kutengeneza vipimo vya mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili akatupwa kwenye Kiingereza, maana vya kuazima Ulaya vitamwonyesha mjinga wakati si mjinga.

Binti bado anakuja kwangu. Mtihani wa taifa ni Novemba, na mpaka leo hakuna aliyempima anasomaje.