Motokari ya waya si muchezo wa bure

Mu kartier zetu za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, mutoto akishika waya na pinse kwa kutengeneza motokari, mara mingi anaambiwa: « Acha michezo, shika kitabu. » Siye tunaona mambo kwa upande mwingine. Ile motokari yenyewe ni kitabu. Mutoto akiifanya kwa kipimo, anasoma hesabu, anasoma kuchora, na anazoeza mukono. Na mukono wa namna ile, njo mine inautafuta kila siku.

Lakini tuelewane. Motokari yenye kufanywa ovyo, gurudumu moja kubwa, ingine ndogo, inafundisha kidogo tu. Faida inaanza pale mutoto anachagua motokari moja yenye ilikuwa kweli, na anaipunguza bila kuharibu sura yake. Tunashauri motokari ya zamani ya mashindano, juu vitu vyake vyote vinaonekana kwa inje: magurudumu, resore, tuyo ya moshi, levye ya frein. Hakuna kitu kinafichwa nyuma ya plastiki.

Tutwae Bugatti Type 35. Ilitengenezwa Molsheim, mu Alsace, Ufaransa, na iliingia mashindano mara ya kwanza ku Grand Prix ya Lyon, mwezi wa 8 mwaka 1924. Ilikuwa na motere ya silinda 8 na litre 2, na magurudumu ya aluminium yenye mikono 8 ya bapa. Siku ile haikushinda: pneu njo ziliiangusha. Bugatti hakuitupa. Kuanzia 1925 mpaka 1929, motokari za familia ile zilishinda Targa Florio, mashindano ya milima ya Sisilia, miaka 5 kwa mufululizo.

Na mwenye kiwanda, Ettore Bugatti, hakuona kama kupunguza motokari ni mambo ya kitoto. Karibu na mwaka 1927 alitengenezea mutoto wake Roland Type 35 ndogo, nusu ya ile kubwa, yenye kutembea na motere ya umeme na batri. Watu waliiona, wakaitamani, kiwanda kikaanza kuiuzisha. Leo dunia nzima inatafuta kobalti yetu juu ya batri za motokari. Mbele ya kobalti kupata kazi ile, baba mumoja alikuwa amekwisha kutia batri mu motokari ya mutoto wake.

Sasa kazi yenyewe. Tutumie kipimo cha 1/10, ni kusema sentimetre 10 za motokari ya kweli zinakuwa sentimetre 1. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, Type 35 iko na metre 2,40: mutoto anapima sentimetre 24. Kutoka gurudumu la kuume mpaka la kushoto ni metre 1,20: anapima sentimetre 12. Gurudumu pamoja na pneu yake linafika karibu sentimetre 70: anahitaji muviringo wa sentimetre 7. Tazameni mukebe wa tomati wa grame 400: upana wake unapita 7 kidogo tu. Chini ya mukebe ni gurudumu moja, kifuniko chake ni ingine. Mikebe miwili inatoa magurudumu yote 4, na lime inapita ku makali kusudi vidole visikatike.

Waya wa kufungia fere ya beto, ukikunjwa mara mbili, unafanya shasi. Malata ya mukebe wa mafuta inafanya kapo na mukia wenye kuchongoka. Hapa kartoni inatangulia: unakata kwanza kartoni, unaijaribisha, ukiona imekaa vizuri, njo unakata malata. Fundi wa malata mu ateliye anafanya vile vile, juu malata ikikatwa hairudi.

Kisha inakuja kazi ya vidogo vidogo, na pale uvumilivu unapimwa. Radiateri ya Bugatti iko na umbo la chuma cha kiatu cha farasi: ukiikosa ile, hakuna mutu atatambua motokari. Kapo iko na mistari mingi ya kupitisha upepo: mistari ile inagongwa kwa ndani na musumari wenye ncha butu, juu ya ubao laini. Kapo inafungwa na mukanda wa ngozi: ulimi wa kiatu kizee unatosha. Mayeto, ile yenye kutoa moto wa buji, inachungulia mbele ya dereva, mu ubao wenye masaa. Kutoka kwake nyuzi 8 zinaenda ku buji 8. Kwa nyuzi zile, hakuna kitu kinashinda mukuba mwembamba wa bobine ya radio yenye kufa.

Rangi ni buluu, rangi ya Ufaransa mu mashindano ya wakati ule. Ipakwe nyembamba mara tatu, si nene mara moja. Kwa kipimo cha 1/10, tone la rangi la milimetre 2 ni sawa na donge la sentimetre 2 ku motokari ya kweli. Nani atakubali donge la namna ile ku motokari yake?

Ni pale tunafika ku mine. Mutu wa topografia anachora mugodi mu plani ya 1/1000: sentimetre 1 ya karatasi ni metre 10 za udongo. Akikosea milimetre 1 pale, amekosea metre 1 kule, na mu galerie metre 1 inaweza kuua mutu. Ajistere anaishi na milimetre. Soudere anajua kama malata inajikunja mu moto. Mutoto mwenye amekwisha kutengeneza Bugatti kwa 1/10 ataingia mu hesabu za plani bila woga, juu mukono wake umetangulia kuzijua. Na tusiseme ni mambo ya batoto banaume tu: rula haiulize kama mutu ni kijana ao binti.

Tunasikia jibu: « Motokari ya waya haileti bukari. » Ni kweli, kwa leo haileti. Kuna nyumba ambamo mushahara unaisha mbele ya mwezi, na mutoto wa miaka 12 anaonekana kama mukono wa kusaidia ku karière: kuosha mawe, kubeba saki. Hatutacheka familia yenye njaa. Lakini sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mutoto inakataza kazi za kumuharibu namna ile, na mwili unajua mbele ya sheria: mugongo ukivunjika udogoni, hakuna duka la kuuzisha mwingine. Saki inalipa jioni ile ile, mara moja. Kipimo kinalipa maisha yote, lakini kinaomba mutu wa kungojea.

Kuna pia mipaka ya kuweka. Mutoto asichome kable kwa kupata mukuba: moshi wa plastiki ile ni sumu ku kifua. Batri nzee isifunguliwe. Na waya usitoke ku laini ya umeme, wala usifichwe mu salopete. Baba akitaka kuleta mabaki ya ateliye, aombe bon de sortie kwa shefu wake. Mutoto akiona karatasi ile, atakuwa amejifunza kitu kingine zaidi ya motokari.

Na wenye kusema maketi haifikishi mutu mbali, bakumbuke Bodys Isek Kingelez, aliyekufa 2015. Alijenga miji mizima ya karatasi na kartoni kule Kinshasa, na mwaka 2018 MoMA, jumba kubwa la sanaa la New York, likamufanyia maonyesho yake peke. Hapa kwetu Lubumbashi, Jean Katambayi Mukendi alisomea umeme, na mashini zake za kartoni na waya zinaonyeshwa mupaka inje ya inchi.

Kwa hiyo tunaomba vitu vitatu, na vyote ni vidogo. Kwa bazazi: rula, lime ndogo, pinse, na saa mbili za siku ya posho bila kumutuma mutoto ku soko. Kwa bafundisha: motokari yenye kufanywa kwa kipimo ipate pointi sawa na zoezi lingine la hesabu. Kwa makampuni yenye kuchimba udongo wetu: vipande vya malata na waya vyenye kutupwa vipewe masomo kwa njia ya haki, na mu vakanse, kila kartier ifanye siku moja ya maonyesho, bafundi benyewe bakuje kuamua.

Siku ile ikifika, musiulize kwanza kama motokari ni nzuri kwa macho. Mutwae rula, mupige magoti, mupime. Kati ya ekseli mbili, iko sentimetre 24? Kama iko, mupatie yule mutoto mukono, juu munaamkia fundi.